Mkate wa Bi Hodi

Mama Mikate akisema, limesemwa. Mtaa mzima ulilijua hilo, na mumewe alilijua kuliko mtaa mzima. Kwa hiyo siku aliposimama katikati ya bekari yake, mikono kiunoni, unga mpaka kwenye viwiko, akatangaza kwamba binti yao hatatia tena ngano mdomoni, mumewe hakubishana naye. Yeye alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mzaha wa chinichini. Alivua futi ya kupimia nguo shingoni, akaikunja taratibu, akauliza swali moja.

"Na sisi tunaoishi kwa ngano tutahamia wapi?"

"Hatuhami. Tunasafisha."

Kulisema ni rahisi. Mtu angeijua nyumba yenyewe, angejishika kichwa. Mbele kulikuwa na vyumba viwili: kimoja bekari, cha pili duka la ushonaji la mume, na katikati yake hakuna mlango, ni pazia tu. Nyuma ndiko walikolala wao, mtoto wao, na mama mkwe. Unga wa ngano ulikuwa umeingia kila pembe ya nyumba ile. Ulikuwa kwenye nyusi za Mama Mikate, kwenye mikunjo ya pazia, kwenye redio. Wateja wa fundi cherehani walishazoea kukabidhiwa suruali mpya na kuikung'uta kwanza kabla ya kuijaribu.

Huyo binti alikuwa na umri wa miaka saba. Jina la kwenye cheti alikuwa nalo, lakini bibi yake alimpa la Bi Hodi, nalo likamganda, maana mtoto alikuwa hapiti mahali bila kubisha. Mlango atabisha, meza atabisha, ndoo ya maji, ukuta, sufuria. Anakunja kidole, anagonga, kisha analaza sikio pale pale na kusikiliza. Wageni walicheka, lakini mwenye bekari alijua tabia hiyo ilikotoka. Mkate ukitoka tanurini, mwokaji huugeuza na kuugonga chini kwa kidole. Ukiitika kwa sauti ya kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Ukinyamaza, unarudi motoni. Mama Mikate aliugonga kila mkate alioupika maishani, na alijisifu kwa yeyote mwenye masikio kwamba hajawahi kuunguza hata mmoja. Mtoto aliyaona hayo kabla hajasimama vizuri kwa miguu yake, akaichukua desturi hiyo akaitumia kwa dunia yote. Watu tu ndio ambao hakuwagonga. Watu aliwapita kando.

Madaktari walisema ni usonji, na wazazi walishalimeza neno hilo likashuka. Maneno ya Bi Hodi yalikuwa ya kuhesabika. Kelele ya ghafla ilimfanya azibe masikio na kulia mpaka sauti ikauke. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande. Chakula chake kilikuwa wali mweupe, yai la kuchemsha, na ncha ya mkate wa mama yake, ile ncha yenye ganda gumu, siyo kipande kingine. Hayo yote Mama Mikate aliyabeba bila kulalamika. Lililomshinda lilikuwa moja. Ukimkumbatia Bi Hodi alikakamaa, na ukimwachia alijipangusa pale ulipomshika, kwa makini, mpaka mguso wote utoke. Mama Mikate alikuwa na moyo mgumu kwa mengi, lakini kule kujipangusa kulimchoma kila mara, na hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa alikuwepo muuza maziwa, mama mmoja mchangamfu aliyepita na madumu yake kila asubuhi, naye alikuwa na kijana wa hali hiyo hiyo. Asubuhi moja aliegemea kaunta, akashusha sauti.

"Wangu nimemwachisha ngano, dada. Nilisikia kwa watu, nikasema potelea mbali, najaribu. Sasa hivi anatulia. Na anakuja mwenyewe." Akajigusa begani. "Anakuja, ananilalia hapa. Simwiti. Anakuja tu."

Mama Mikate alikuwa ameshika mkate wa mteja mwingine. Aliukamata mpaka ukabonyea, ikabidi ampe mteja huyo mkate mwingine mzima. Siku hiyo hiyo alifunga bekari mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akaenda kwa daktari wa watoto.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho na hakumcheka. Alimwambia asimwachishe mtoto kitu kwanza, apimwe damu, kwa sababu uko ugonjwa wa tumbo unaoletwa na ule mnato wa ngano unaoitwa gluteni, na ukimwachisha mtoto kabla ya kipimo, kipimo kinaweza kupotosha. Damu ilitolewa kwa vita, watu wazima watatu kwa mtoto mmoja. Majibu yakarudi kwamba ugonjwa huo hana.

"Kwa usonji wenyewe sitakudanganya," daktari akasema. "Wako wazazi wanaosema imewasaidia. Waliochunguza hawajapata ushahidi wa kutosha. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa muda, mtaalamu wa lishe akiwa anajua, na uwe unamleta apimwe uzito. Akikataa kula, unaacha."

"Hatakataa."

"Nasema akikataa."

"Nimekusikia, daktari. Hatakataa."

Daktari aliitazama mikono yake, ile mikono ya kukanda gunia zima kwa siku, akaamua kuandika tarehe ya kupima uzito.

Ndipo usafi ukaanza. Pazia lilifuliwa mara ya kwanza tangu liwekwe, ikaonekana kumbe lilikuwa la buluu. Zilinunuliwa trei mpya, beseni jipya, aproni mpya, vyote vikafungiwa kabatini. Mume alikatazwa kula mkate ndani ya nyumba, akawa anaula nje, kando ya ukuta, akitazama huku na huku kama mwanafunzi anayevuta sigara. Akirudi alikaguliwa ndevu. Mama mkwe, ambaye raha yake moja iliyobaki duniani ilikuwa biskuti ya kuchovya kwenye chai, aliambiwa biskuti basi.

"Hata chumbani kwangu?" akauliza.

"Hata chumbani, mama. Mtoto anaingia kila mahali."

Tangu siku hiyo mama mkwe alikunywa chai yake shingo upande.

Meza ya kazi ilikuwa moja tu, basi kila mchana, mikate ya asubuhi ikishauzwa, Mama Mikate aliisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka mbao zikalainika. Kisha kulikuwa na suala la kopo. Kila mwokaji ana kopo la kunyunyizia, kopo la kawaida tu lenye kifuniko kilichotobolewa vitundu kwa msumari, na ndani yake unga mkavu wa kunyunyiza mezani na kwenye trei ili donge lisigande. Lake la ngano lilining'inia kushoto kwa meza, kwenye msumari, tangu alipoanza kazi. Sasa alitengeneza la pili, akalijaza unga wa mchele, akaliweka kulia, juu ya rafu. Kushoto ngano kwa wateja, kulia mchele kwa Bi Hodi. Mpango huo alimweleza kila mtu, mpaka wateja ambao hawakuuliza.

Kazi yenyewe sasa. Mtu aliyeoka kwa ngano maisha yake yote, mwondolee ngano uone. Ule mnato wa gluteni ndio unaolishika donge, ndio unaolifanya livutike na kuvimba. Bila huo, unga ni mchanga. Mkate wa kwanza, wa mchele mtupu, ulitoka mgumu, na mume aliupima kwa mkono akasema utafaa kuwekwa chini ya mguu wa cherehani isitikisike. Wa pili, wa mtama, ulimeguka kabla ya kuguswa. Wa tatu ulivimba vizuri, ukaitia bekari nzima matumaini, halafu ukazama katikati mbele ya macho yao.

Bi Hodi aliletewa kila mmoja. Kila mmoja aliugeuza, akaugonga chini, akalaza sikio. Kisha aliuweka mezani taratibu na kuondoka.

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Aliacha tu kula mkate, akabaki na wali wake na yai lake, na alipopelekwa kupimwa alikuwa amepungua. Mtaalamu wa lishe alisema akipungua tena, mchezo umekwisha. Mama mkwe alisema maneno makali zaidi ya hayo.

"Mtoto anakonda kwa ajili ya maneno ya muuza maziwa."

"Mama, nipe muda."

"Muda ninao. Mtoto ndiye hana nyama."

Mama Mikate alirudi mezani akiwa na hasira, na hasira yake haikuwa kwa mama mkwe, ilikuwa kwa ule unga. Hakuwahi kushindwa na unga. Alikaa siku hiyo akifikiri jinsi mtoto alivyokuwa akikataa, hatua kwa hatua, na hapo ndipo akaona kitu kilichokuwa mbele ya macho yake muda wote. Bi Hodi hakuwahi kuionja ile mikate. Hata kuinusa hakuinusa. Aliisikiliza, akaikataa.

"Hakatai unga," akamwambia mumewe kupitia pazia. "Anakataa sauti. Mkate ukiwa bubu kwake haujaiva, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo."

Cherehani ikasimama. "Basi uimbishe."

Akakaza uzi. Alipika uji mzito wa unga wa muhogo, akaupoza, akauchanganya na unga wa mchele na mtama kidogo ili uwe gundi mahali pa ule mnato. Akapiga mayai mpaka mkono ukafa ganzi. Akaacha kutumia kopo la bati la kuokea, akalifinyanga donge refu na jembamba kwa mkono, akalilaza moja kwa moja kwenye trei iliyonyunyizwa unga, karibu na moto, likae mpaka likauke ndani. Mara ya kwanza lilipasuka. Mara ya pili likawa gumu upande mmoja. Mumewe alikula makosa yote bila kulalamika na akaomba tu yasiandamane sana. Halafu mchana mmoja akautoa mkate, akaugeuza, akaugonga, na ukaitika. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya ngano, lakini ilikuwa sauti.

Bi Hodi alikuwa amekaa kwenye kreti lililopinduliwa, mahali ambapo alikuwa ameanza kukaa kila mchana kusubiri majaribio hayo. Aliupokea mkate kwa mikono miwili. Akagonga. Akalaza sikio muda mrefu. Akagonga tena, kama karani asiyemwamini mtu, kisha akaivunja ncha akaiuma, na lile ganda likalia mdomoni mwake. Mama Mikate alijigeuza akajifanya anachochea moto.

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda vizuri, tena vizuri kwa namna ya kumtisha mtu. Uzito ulirudi. Bi Hodi alianza kulala kwa kipande kimoja kirefu mpaka jua linachomoza, na wazazi waliamka wakiulizana kama yuko salama. Pikipiki ikipita kwa kishindo aliziba masikio lakini hakupiga kelele. Chakula kikiliwa alikaa nao mezani mpaka mwisho. Na kila mchana, bekari ikiwa tupu, mlango wa mbele umefungwa nusu, redio imezimwa, alikuwa kwenye kreti lake kando ya mama yake, akimtazama anavyokanda, wote wawili wamenyamaza.

"Mmeona?" Mama Mikate aliwaambia wote. "Ngano ndiyo iliyokuwa ikimsumbua." Akamwambia muuza maziwa, akamwambia jirani, akamwambia daktari, ambaye alisema anafurahi kusikia mtoto analala, na hakuongeza neno. Kitu kimoja tu kilikuwa bado. Kuja, Bi Hodi hakuwa amekuja. Alikaa karibu, lakini mkono wa mama ukimgusa bado alijipangusa. Bado kidogo, Mama Mikate alijiambia. Ngano ikishaisha mwilini kabisa, atakuja.

Kisha ikaja siku mbaya. Tangu asubuhi fundi wa mageti ng'ambo ya barabara alikuwa akikata vyuma, na kufikia mchana Bi Hodi alikuwa chini sakafuni, anajiuma mkono, analia kilio kile cha zamani. Ilichukua muda mrefu kumtuliza. Alipolala, Mama Mikate alisimama akiwa na uso ambao mumewe aliufahamu.

"Kuna mtu kampa ngano."

"Mke wangu, ni zile kelele za vyuma."

"Vyuma alishavizoea. Kuna mtu kampa ngano."

Akageuza mifuko ya mumewe, akakuta vifungo na chaki. Akaingia chumba cha mama mkwe, akanyanyua mto, na pale chini, zimefungwa kwenye leso, zilikuwepo biskuti. Alizileta sebuleni akaziweka mezani mbele ya mumewe na mama yake mumewe, na akasema maneno ambayo mtu akishayasema hayarudi. Kwamba mama mkwe hakuwahi kulitaka jambo hili. Kwamba afadhali mtoto aharibikiwe kuliko yeye kukosa biskuti yake.

Fundi cherehani alifumba macho. Mama mkwe alizinyooshea kidole biskuti zake.

"Hizo ni zangu," akasema. "Nazila nikiwa nimejifungia, kwa sababu kwenye nyumba ya mwanangu nimekuwa mwizi wa biskuti. Mtoto sijampa hata chembe."

"Kama si wewe, ni nani?"

"Sijui. Ila kesho nitakuja kukaa bekarini. Utaniona na mimi nitakuona, tangu unapoosha meza mpaka mtoto anapomeza. Mwenye kumpa atajulikana."

Na kweli, kesho yake mchana mama mkwe aliingia bekarini amejitanda khanga yake nzuri, akavuta kiti, akakaa karibu na pazia akiwa ameshika fimbo yake. Mama Mikate alianza kazi yake ya kila mchana. Alisugua meza kwa sabuni na maji ya moto. Akatoa beseni kabatini, trei kabatini, akavaa aproni safi. Akachanganya uji na unga, akapiga mayai, akakanda, akanyunyiza, akafinyanga, akanyunyiza trei, akalaza donge, akalitia tanurini. Mambo yote safi, hakuna aliyesogea, hakuna aliyepewa kitu. Bi Hodi hakuwepo bado, alikuwa amelala. Mkate ulipoiva aliutoa, akaugonga, ukaitika, akauweka rafuni upoe. Kisha akajaza tanuri kwa trei za mikate ya wateja wa jioni, akafunga mlango wa tanuri, akajifuta mikono.

"Haya, mama. Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimeona mkono wako wa kushoto," mama mkwe akasema. "Hebu lishushe lile kopo la kulia."

Mama Mikate alinyoosha mkono juu ya rafu akalishusha kopo la unga wa mchele. Lilikuwa zito. Alilifungua akalikuta limejaa mpaka ukingoni, kama alivyolijaza siku ile ya kwanza, na kwenye vitundu vya kifuniko buibui alikuwa ametanda utando wake mzuri bila kusumbuliwa na mtu. Halafu akageuka kushoto. Kopo la ngano kwenye msumari lilikuwa bado linayumba kidogo.

Hakuhitaji kuelezwa. Mkono wa kulia ulikuwa ukifanya kazi ya Bi Hodi, na wa kushoto, ambao kwa miaka yote ile haukuwahi kuulizwa chochote, ulikuwa ukienda kwenye msumari wake, unanyunyiza, unarudisha kopo, kila mchana, mbele ya macho yake mwenyewe. Aliugeuza ule mkate uliopoa rafuni. Chini yake palikuwa na vumbi jeupe, na alijua vumbi lile kwa kuligusa tu.

"Kumbe siku zote hizi," akasema.

"Siku zote sijui. Mimi nimeona leo."

"Buibui ameona siku zote, mama."

Mume alikuwa amesogeza pazia. "Lakini ni vumbi tu," akasema kwa upole. "Ni kidogo."

"Wewe nilikufukuza nje kwa kidogo kuliko hicho." Alikaa juu ya gunia la unga, kopo la mchele mapajani. Akili yake ilikuwa ikikimbia, na kila ilipokimbilia ilikuta ukuta. "Kama vumbi halihesabiki, sikuwa na haki ya kumtafuta mchawi jana. Na kama linahesabika, basi mtoto ametulia huku anakula ngano kila siku, na mimi nimezunguka mtaa mzima nikiwaambia watu nimepata dawa."

"Sasa ni nini kilichomtuliza?"

"Sijui."

Neno hilo lilimtoka kwa shida, kwa sababu hakulizoea. Alimtazama mama mkwe kwa wasiwasi, akitegemea kuchekwa, na haki ya kuchekwa alikuwa nayo. Mama mkwe hakucheka.

"Na mimi sijui," akasema. "Mimi nimeona mkono tu."

"Nimekukosea, mama. Nimekuvunjia heshima mbele ya mwanao. Nisamehe."

"Umenikosea, ndiyo. Na biskuti zangu zirudi mezani, nizile nikiwa nimekaa na watu."

"Zitarudi leo."

"Basi imekwisha." Mama mkwe alijikongoja akasimama. "Na kumwachisha ngano utaanza upya?"

Mama Mikate alifikiri. Angeweza kusema ndiyo pale pale, ndivyo alivyozoea. "Nitakwenda kwa daktari nimweleze kama ilivyo, pamoja na kopo. Akiniambia nianze upya kwa haki, naanza, na hili la kushoto naling'oa na msumari wake. Akiniambia niache, naacha. Na muuza maziwa nitamwambia ukweli nikiwa nimemtazama. Nimesema."

"Hilo nalo limesemwa," mumewe akakubali. Alimshika mama yake mkono, wakaingia ndani wawili, pazia la buluu likashuka nyuma yao.

Alipobaki peke yake ndipo kitu kikamshukia. Haikuwa aibu, aibu angeivumilia. Lilikuwa lile jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa amejiahidi kwamba kuna mlango, na mlango ni ngano, na ukishafunguka mtoto atapita aje kwake. Sasa mlango haukuwepo. Aliinama mbele, viwiko kwenye magoti, uso ndani ya aproni, akalia bila sauti, mgongo wake mpana ukipanda na kushuka.

Hakumsikia Bi Hodi akiingia. Alisikia kidole kwenye mkate, rafuni. Ko, ko. Kimya cha sikio. Kisha ganda likivunjika, na mtoto akitafuna taratibu, pamoja na vumbi lake na kila kitu. Mama Mikate hakuinua uso. Hakutaka mtoto aone macho yale, na hakuwa na nguvu ya kumzuia. Acha ale.

Kutafuna kukakoma. Nyayo ndogo zikazunguka meza, zikasimama nyuma yake.

Ko, ko, katikati ya mgongo.

Kilikuwa kidole kilichokunjwa, kigumu, kikigonga pale ambapo mwokaji angegonga, chini ya mkate uliogeuzwa. Halafu kitu chenye joto kikalala mahali pale pale, shavu na sikio, na uzito wote wa kichwa ukamwegemea. Bi Hodi alikuwa akimsikiliza. Alikuwa akitafuta kama kuna sauti ndani, na mama yake, ambaye moyo wake ulikuwa ukidunda kwa nguvu, alijua kwamba hiyo sauti ipo, na kwamba mtoto ameipata, kwa sababu kichwa hakikuondoka.

Hakujigeuza. Hakunyoosha mkono kumshika, ingawa mikono yote miwili ilimuuma kwa kutaka. Makombo ya mkate yalidondoka kwenye shingo yake na akayaacha. Kichwa kilitulia, pumzi za mtoto zikawa ndefu, na muda ukapita, zaidi ya ule ambao trei za jioni zilistahili. Harufu ikaanza kidogo, kisha ikakolea, harufu ambayo bekari ile haikuwahi kuijua.

"Mama Hodi," mumewe akaita kutoka ndani. "Kuna kitu kinaungua huko."

"Najua," akajibu kwa sauti ndogo, ili mgongo usitikisike. "Kiache kiungue."